Mwalimu mzee hatoki, kijana haingii: nani ataongoza masomo ya watoto wa machimbo?

Kila mwezi wa tisa, wakati masomo yanafunguliwa, wazazi wa Masisi na Walikale wanauliza maswali mawili: minervali ni ngapi, na prefe ni nani mwaka huu? Mara nyingi jibu la swali la pili ni lile la mwaka jana, na la miaka kumi iliyopita. Prefe ni yule yule. Direktere ni yule yule. Nywele zimekuwa nyeupe, macho yamechoka, lakini muhuri bado uko mu mufuko wake. Wazazi wanasema: "Huyu mzee anakatala kutoka juu ya makuta." Sisi tunasema mambo si mepesi hivyo, na baba ao mama wa machimbo ataelewa haraka kuliko mtu wa biro, sababu yeye pia anafanya kazi isiyokuwa na uzee ndani yake.

Tuanze na sheria. Kwa watumishi wa Leta, mpaka wa kazi ni umri wa miaka 65 ao miaka 35 ya utumishi. Ni wazi. Lakini kustaafu si kufunga daftari na kurudia shambani tu. Lazima Leta ikuandikie karatasi ya kukutoa, ikulipe makuta ya mwisho wa kazi, halafu ikuanzishie pansioni. Kama hiyo karatasi haijafika, mwalimu anaendelea, hata akiwa na miaka 70. Akitoka mwenyewe bila karatasi, anaweza kuhesabiwa kama mtu aliyeacha kazi, na haki zake zinaweza kupotea.

Hatusemi Leta haikufanya kitu. Mwaka wa 2015 iliunda CNSSAP, kasa ya pansioni ya watumishi wa Leta, na sheria ya mwaka wa 2022 ikaipa nguvu. Katika miaka ya karibu walimu wazee walianza kutolewa kwa makundi. Lakini nchi ni kubwa, wazee ni wengi, na anayekaa mbali na Kinshasa ndiye anafikiwa wa mwisho. Dosie inaomba numero ya matrikule, karatasi ya kwanza ya kazi, karatasi za kila kituo alichopitia. Mwalimu wa Masisi aliyekimbia vita mara tano, nyumba yake ikachomwa mara mbili, hizo karatasi atazitoa wapi?

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalisema kwa sauti ndogo: primu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mushahara wa Leta ulipokufa, wazazi ndio walianza kubeba mwalimu mugongoni. Mwaka wa 2019 Leta ilitangaza masomo ya bure ku primeri, na primu ya wazazi ikakatwa kule. Ku sekonderi ilibaki. Sasa fanya hesabu. Pansioni inahesabiwa juu ya mushahara wa Leta. Haihesabu primu, wala nyumba ya masomo anamolala prefe. Kwa hiyo siku prefe anastaafu, hapotezi kidogo: primu inaondoka, nyumba inaondoka, heshima inapungua, na pansioni yenyewe bado haijafika. Nani kati yetu angetoka kwa haraka? Mchimbaji anajua: huwezi kutoka mu shimo kama huna mahali pa kuweka muguu.

Lakini tusimwonee huruma mzee peke yake. Chini yake kuna kijana. Ana diplome, anafundisha mwaka wa tatu ao wa sita, na hajapata franka ya Leta hata siku moja. Ni wale wanaoitwa N.U., walimu wapya ambao hawajaingizwa mu listi ya malipo. Anangojea mstari wa mzee uwe wazi. Mzee akichelewa, kijana anachelewa. Na kijana akichoka, anakuja wapi? Anakuja kwenu, ku machimbo. Mtu aliyesomea hesabu anapima kilo za koltani, na darasa la hesabu linabaki bila mwalimu. Ndiyo maana tunasema hii habari ya wastaafu si ya walimu tu. Ni ya mtoto wako.

Halafu, nani anachagua mkubwa wa masomo? Masomo mengi kwetu ni ya makanisa. Leta iliyachukua mwaka wa 1974, halafu kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ikarudishia makanisa kazi ya kuyaongoza. Tangu pale Leta inalipa na kukagua, kanisa linapendekeza prefe na direktere. Watu wawili wakishika mpini mumoja wa jembe, shamba linaweza kulala. Kanisa linasema: "Tunangojea Leta imutoe." Leta inasema: "Tunangojea kanisa lilete jina." Katikati, mzee anaendelea kutia sahihi.

Vita imezidisha uzito. Mwisho wa mwezi wa nne 2024, M23 iliingia Rubaya. Mwanzo wa mwaka wa 2025 ilifika Masisi-centre, tarehe 27 mwezi wa kwanza ikaingia Goma. Mwezi wa tatu ikafika Walikale-centre, halafu ikarudi nyuma mwanzo wa mwezi wa nne. Katika ile hali banki za Goma zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwalimu mzee aliyekuwa anapokea kitu kwa banki akabaki na karatasi mukononi. Na biro za Leta zilizokuwa zinapokea dosie zikahama ao zikanyamaza. Mu kijiji kimoja unaweza kuona wakubwa wawili wanadai kila mumoja kwamba ndiye anaweka prefe. Ukisikiliza huyu, yule anakuandika jina. Katika hali kama ile, kutoa mzee anayejulikana na kuweka kijana asiyejulikana ni hatari, na wazazi wengi wanapendelea kungoja.

Sasa tuje ku makuta, sababu wasomaji wetu wanatuuliza: "Mawe yanatoka kila siku, mbona masomo yanalia?"

Kodi ya mali ya udongo, ile inayolipwa na kampuni, sheria ya madini ya 2018 inaigawa hivi: ku kila dola 100, dola 50 zinaenda Kinshasa, 25 ku provensi, 15 ku sekta ao shefferi ambamo jiwe linatoka, na 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inaweka pembeni angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji, na wenyeji wanakaa mu komite inayoisimamia.

Walikale iko na chimbo la kasiterite la Bisie, mu sekta ya Wanianga, linalotoa karibu asilimia 6 ya kasiterite ya dunia nzima. Lilisimamisha kazi mwezi wa tatu 2025 juu ya vita, likaanza tena mwezi uliofuata. Kwa hiyo Walikale iko na mlango wa kubisha. Masisi hali ni ingine. Mwezi wa pili 2025 wizara ya madini iliweka machimbo ya Rubaya mu rangi nyekundu: jiwe la pale halikuruhusiwa tena kuuzwa. Jiwe linatoka hata hivyo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 ilikuwa inapata karibu dola 800.000 kila mwezi pale. Lakini kodi ya sheria, ile yenye fungu la 15, haipo. Masisi inachimba, na daftari la shefferi linabaki tupu.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao wakubwa wa siasa hawapendi kuusema ku mikutano: lile fungu la 15 haliwezi kulipa pansioni. Sheria inalifunga ku kazi za kujenga vitu vya wote. Pansioni ni deni la Leta, na tusikubali Leta ihamishe deni lake juu ya migongo ya wachimbaji. Lakini fungu lile linaweza kujenga madarasa na nyumba za walimu. Na hapo ndipo kuna dawa ndogo. Kama mzee anajua kwamba hatafukuzwa mu nyumba siku ya kustaafu, sababu kuna nyumba ingine ya mkubwa mupya, woga wake mumoja unakwisha. Kama darasa linajengwa na sekta, minervali haibebi tena mabati na misumari.

Wazazi wenyewe je? Likelemba mnaijua, kila kundi la machimbo liko nayo. Komite ya wazazi inaweza kuomba kwamba sehemu ya primu, hata kidogo, iwekwe kila mwezi kwa mwalimu anayekaribia kutoka, iandikwe mu daftari ambalo kila mzazi anaweza kulifungua. Tunajua hatari: makuta ya wote yanaliwa haraka, na kasa nyingi za masomo zimekufa hivyo. Bila daftari la wazi, bora msianze.

Jambo la mwisho halina gharama. Mzee atoke ku kiti, asitoke ku masomo. Mwaka mumoja kabla ya kutoka, aketi na yule atakayemufuata, amuonyeshe listi za walimu, hesabu za diplome, barua za kanisa, mipaka ya kiwanja. Masisi na Walikale, mambo ya kiwanja peke yake yanaweza kufunga masomo. Yale yote yako mu kichwa cha mzee. Akifa nayo, masomo yanapotea pamoja naye. Akiyaacha, hata vita ikichoma biro, kuna mtu anayejua.

Wachimbaji wa mikono wengi hawana pansioni, hawana karatasi, hawana anayewahesabia miaka. Ndiyo maana tunawaandikia ninyi. Mnalipa minervali kwa matumaini kwamba mtoto atapata kazi yenye mwisho mzuri kuliko yenu. Akiona mwalimu wake anazeeka ubaoni mpaka anaanguka, atajifunza nini? Mkutano wa wazazi wa mwanzo wa mwaka uko karibu. Msiulize bei ya minervali tu. Ulizeni pia: dosie ya mzee wetu iko wapi, na nani anajifunza kazi yake?