Nani Kasema Mashine Inaua Muziki?

Kuna hoja moja imenichosha: eti muziki ukishaguswa na tarakilishi, roho yake imetoka. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo labda mtasema navutia kwangu. Sawa. Lakini sikilizeni kwanza albamu ya New Order iitwayo Power, Corruption & Lies, kisha tubishane.

Kwa wasiowajua, hawa ndio waliokuwa Joy Division, bendi ya Manchester, Uingereza. Walipiga posti-panki, yaani muziki uliozaliwa na panki lakini wenye giza na ubaridi zaidi. Mei 1980 mwimbaji wao, Ian Curtis, alijiua akiwa na miaka 23. Walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja wao akiondoka, jina lile halitatumika tena. Basi wakajiita New Order, Gillian Gilbert akajiunga nao, na mwaka 1981 wakatoa Movement. Ukiisikiliza albamu hiyo utadhani bado wanamsubiri Curtis aingie studioni.

Mei 1983 ikaja Power, Corruption & Lies. Hapa sinthesaiza zimejaa, midundo inachezeka, na Bernard Sumner haimbi tena kama mtu anayekalia kiti cha marehemu. Wamehamia nyu wevu, ule mtindo mwepesi zaidi uliopenda vinanda vya umeme. Wapo wanaouita usaliti. Mimi nakataa. Kumuiga Curtis milele ndiko kungewaua.

Tena msidhani mashine iliwarahisishia kazi. Siku hizi tunapanga noti kwa kipanya. Sumner alijiundia sikwensa, kifaa cha kuhifadhi noti na kuzipiga kwa mpangilio, kutokana na vipuri vya Powertran vilivyouzwa ili mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Gilbert naye aliingiza noti za Blue Monday, wimbo uliotoka Machi mwaka huohuo, moja baada ya nyingine, akifuata maandishi kwenye karatasi nyingi zilizounganishwa kwa gundi ya utepe. Akaruka noti moja. Melodi ikateleza kidogo nje ya mdundo, na hivyo ndivyo dunia inavyoijua hadi leo. Katika fani yetu hiyo ni hitilafu ya kurekebishwa kabla ya kutoa programu. Kwao ikawa alama ya mkono wa mtu.

Hata jalada linatuhusu sisi wa tarakilishi. Peter Saville alichukua mchoro wa waridi wa Fantin-Latour wa mwaka 1890, akaweka pembeni vibao vya rangi ambavyo ni msimbo wa herufi. Ufunguo wake uko nyuma ya jalada. Blue Monday yenyewe aliivisha jalada lililokatwa kama diski ya flopi.

Na vyombo vya zamani havikutupwa. Age of Consent, wimbo wa kwanza, unafunguliwa na gita la besi la Peter Hook, kisha zinafuata ngoma za Stephen Morris. Sikilizeni pia Your Silent Face. Chini kabisa sikwensa inazunguka bila kuchoka, na juu yake kuna melodika, kinanda kidogo kinachopulizwa kwa mdomo. Anayesema hapo hakuna roho, anionyeshe pumzi ile inatoka wapi.