MOYO WA KAZI UNAPOTEA WAPI?



Twasikia kila mara wakubwa wakisema kwamba wafanyakazi hawana moyo wa kazi. Tukiulizwa neno twanyamaza. Sisi hatukatai kwamba kimya kipo. Lakini twataka waulize kimya hicho kimetoka wapi.

Chukueni habari ya gengi moja la njia, ambalo hatulitaji. Mtu mmoja alitembea sehemu yake asubuhi na spana begani, akaona kokoto zimeanza kuchukuliwa na maji chini ya mataruma karibu na kalvati. Akamwarifu msimamizi. Jibu alilopewa mbele ya wenziwe ni hili: "Kazi yako ni kukaza boliti, si kunifundisha mimi." Kalvati ilitengenezwa baadaye, hilo ni kweli. Lakini tangu siku ile gengi zima linakaza boliti na kufunga mdomo. Je, hao ni wavivu? Hapana, wameshika somo walilopewa.

Wala jambo hili si la heshima peke yake. Sisi watu wa reli twajua maji yanavyoweza kufanya. Mwezi wa Januari 1993 mafuriko yalivunja daraja la mto Ngai Ndethya, treni ya abiria ikatumbukia, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hatusemi kwamba safari ile kuna mtu aliyenyamazishwa. Twasema kwamba mvua ikinyesha, jicho la kwanza ni la yule atembeaye njia kwa miguu, nalo halina faida ikiwa mwenyewe anaogopa kusema alichoona.

Wako wasimamizi waungwana, nao twawajua. Watu wao hufika hata siku ya matope.

Halafu kuna habari ya zamu. Karatasi yabandikwa ubaoni Jumamosi jioni, na Jumapili alfajiri mtu atakiwa kazini. Atapanga lini kwenda kumwona mtoto shuleni, au mzazi aliye mgonjwa nyumbani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, pamoja na mshahara. Lakini pumziko usilojua litakuja lini si pumziko. Mtu analala na simu sikioni.

Wakubwa nao wana dawa yao: fulana mpya, soda, na hotuba ndefu. Soda tutakunywa, hatuna ugomvi nayo.

Sisi twataka vitu viwili, navyo si vya fedha nyingi. Karatasi ya zamu itoke siku saba mbele. Na ile kamati ya usalama, ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yaitaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, ikutane kweli, wafanyakazi wakiwamo, na kila taarifa ya hatari iandikwe daftarini pamoja na jibu lake.

Ndugu yeyote mwenye habari kama ile ya kalvati ampelekee mwakilishi wake, akiandika siku na mahali, kabla mvua za masika hazijaanza.