Mpiga Ngoma Anayesikiliza



Jumamosi ijayo halmashauri ya walei ya parokia yetu itakaa kujadili hoja inayoonekana ndogo: seti ya ngoma iliyonunuliwa kwa michango ya vijana ibaki kanisani, au iuzwe. Wazee wetu kadhaa wameomba iondolewe, nao wana sababu. Dominika nyingi ngoma imefunika sauti za waimbaji, na siku moja wimbo wa katikati ulisikika kana kwamba tuko kwenye ukumbi wa harusi. Sisi wenyewe tulikasirika siku ile. Baada ya Misa tulimkemea kijana mpigaji mbele ya wenzake, naye hakuonekana kwaya kwa majuma matatu. Baadaye mwalimu wa kwaya alituuliza kwa upole: “Baba Paroko, ni nani amewahi kumfundisha?” Hatukuwa na jibu. Katika tafakari ya juma hili tunajaribu kulitafuta jibu hilo, na tumekwenda kulitafuta mbali kidogo, kwa wapiga ngoma wakuu wa jazz nchini Marekani.

Tuondoe kwanza utata. Kwetu neno “jazz” limezoeleka katika majina ya bendi za dansi, kama vile Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Hapa tunauzungumzia muziki uliochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Chimbuko la ngoma yake linatugusa sisi Wakatoliki. Katika koloni la Louisiana, sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724, ambayo kwa mengi ilikuwa ya kikatili, iliamuru watumwa wabatizwe katika imani Katoliki na wasifanyishwe kazi siku ya Dominika. Kwa hiyo siku ya Bwana ilikuwa siku yao ya kupumua. Walikusanyika, wakapiga ngoma na kucheza kama walivyofundishwa na wazee wao wa Afrika. Uwanja wa New Orleans uliojulikana kwa mikutano hiyo unaitwa Congo Square hadi leo. Mahali pengine ngoma ilizimwa. Huko South Carolina, baada ya uasi wa watumwa wa mwaka 1739, sheria ya mwaka 1740 iliwakataza kupiga ngoma. Mabwana walijua kwamba mtu mwenye ngoma yake bado anakumbuka kuwa yeye ni mtu. Tulifikirie hilo kabla hatujamnyang’anya kijana vijiti vyake.

Lakini kumbukumbu peke yake haimfanyi mtu kuwa mpiga ngoma mwema. Tumtazame Chick Webb, mzaliwa wa Baltimore. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kilimpata angali mtoto, kikamwacha mfupi sana na mwenye kibyongo. Hata hivyo, katika miaka ya 1930 bendi yake ndiyo iliyotawala ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem, New York. Mwaka 1937 ilishindanishwa hapo na bendi mashuhuri ya Benny Goodman, na mashabiki wakampa Webb ushindi. Hata hivyo, kwa maoni yetu, jambo kubwa zaidi alilitenda mwaka 1935 alipompokea katika bendi yake binti aliyefiwa na mama yake na ambaye hakuwa na mavazi ya kupandia jukwaani. Binti huyo alikuwa Ella Fitzgerald. Webb alifariki mwaka 1939, na bendi ikaendelea chini ya jina la Ella. Hivyo mpiga ngoma aliyeketi nyuma alimfungulia mwimbaji njia ya kusimama mbele.

Wa pili ni Art Blakey, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1919 na kufariki mwaka 1990. Ngoma yake ilikuwa na kishindo, hata wazee wetu wangeziba masikio. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini aliifanya bendi yake, Jazz Messengers, kuwa shule. Aliwachukua vijana, akawasukuma watunge na kupiga nyimbo zao wenyewe, kisha akawaacha waende wakaanzishe bendi zao. Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard na Wynton Marsalis wote walipitia mikononi mwake. Mapadre na viongozi wa walei tunaweza kujiuliza hapa: ni wangapi tumewalea tukawaruhusu wakue kutupita?

Wa tatu ni Elvin Jones, mtoto wa mwisho kati ya kumi, aliyezaliwa Pontiac, Michigan, mwaka 1927. Alipiga na John Coltrane katika ile kazi iitwayo A Love Supreme, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, ambayo Coltrane aliitoa kama shukrani kwa Mungu. Anayeisikiliza kwa makini hugundua kwamba Elvin hupiga midundo kadhaa kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia huchora mwendo juu ya tuazi, mguu wa kushoto hufunga matoazi mawili, na mkono wa kushoto hujibu kile ambacho saksafoni imesema punde. Viungo vyake vinne vinatenda kazi nne tofauti, lakini sikio lake lote liko kwa mwenzake. Na sala inapofika sehemu ya mwisho, ile iitwayo Zaburi, mdundo wa mwendo huachwa kabisa. Ngoma hunguruma chini chini kama radi iliyo mbali, ili neno la anayesali lisikike.

Wapendwa, hapo ndipo tulipopata jibu letu. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Wakuu hawa walikuwa na nguvu za kufunika kila sauti, na ukuu wao ulionekana walipochagua kutofunika. Mtu hazaliwi akijua kuchagua hivyo, hufundishwa.

Tunajua kuna atakayesema kwamba watu hao walipiga katika kumbi za pombe, na kwamba baadhi yao walitekwa na dawa za kulevya. Ni kweli, nasi hatuwapendekezi watangazwe watakatifu. Lakini Bwana wetu hakuona haya kutufundisha kwa mfano wa wakili dhalimu. Tunajifunza ustadi na moyo wa kuhudumia, na tunawaombea huruma ya Mungu kwa mengine.

Wala Kanisa halitukatazi ngoma. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima na nafasi inayostahili. Uliruhusu ala nyingine pamoja na kinanda, kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi ziufae utakatifu wa ibada na kuwajenga waamini. Hata kabla ya Mtaguso, mwaka 1958, vijana wa Kamina huko Katanga pamoja na padre wao Guido Haazen waliimba Misa iitwayo Missa Luba kwa ngoma za kwao, na dunia ikawasikiliza. Swali la kujadili Jumamosi, basi, si kama ngoma inastahili kuingia kanisani. Tujiulize kama sisi tumemwandaa anayeipiga.

Maoni yetu ni haya. Seti isiuzwe. Kwa miezi mitatu inyamaze wakati wa Misa, na fedha kidogo za parokia zimlipe mwalimu wa kuwafundisha vijana wetu. Baada ya hapo isindikize maandamano ya matoleo na nyimbo za shangwe. Wimbo wa katikati ubaki kwa sauti za watu. Tena mpigaji asome zaburi ya Dominika kabla hajashika vijiti, maana hawezi kuyatumikia maneno asiyoyajua. Wazee wanaosumbuliwa na kelele waalikwe kwenye mazoezi, wawasahihishe vijana pale pale, kwa upendo, wala wasingoje kunung’unika baada ya Misa.

Na kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa letu, juzi tulikwenda nyumbani kwa kijana yule tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mwalimu atakuja kweli. Tulimwambia kwamba jibu linategemea kikao cha Jumamosi. Tunawaomba wajumbe mje mkilikumbuka swali lake.

Tunawatakia nyote Dominika njema. Mungu awabariki.