Mtawa Aliyepata Udaktari Akiwa na Miaka 51

Ndugu msomaji, mara ngapi umemsikia mzazi mwenzako akisema kwamba masomo ni ya vijana, na kwamba wakati wake umekwisha pita? Huenda nawe umeyasema maneno hayo jioni, ukitoka kazini umechoka, ukilitazama daftari la mwanao mezani. Leo tungependa kukusimulia habari za mwanafunzi mmoja ambaye maisha yake yanatosha kuwa jibu.

Mary Kenneth Keller alizaliwa Cleveland, nchini Marekani, mwaka 1913. Mwaka 1932 alijiunga na shirika la watawa wa Kikatoliki, na mwaka 1940 akaweka nadhiri. Utawa haukumtenga na vitabu. Alipata shahada ya kwanza ya hisabati mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, na ya pili mwaka 1953. Zingatia kwamba kati ya shahada hizo mbili ilipita miaka kumi.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea sayansi ya kompyuta, elimu iliyokuwa bado changa mno. Mwezi wa Juni 1965, akiwa na umri wa miaka 51, alitunukiwa udaktari, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuupata katika fani hiyo.

Alichunguza nini? Aliuliza kama mashine, ikionyeshwa mifano, yaweza kuigundua kanuni yenyewe. Jambo hilo mwanao hulifanya kila siku. Husikia kiti na viti, kikombe na vikombe. Kisha siku moja husema "visu", ingawa hakuna aliyemfundisha neno hilo. Ametoka kwenye mifano, akaifikia kanuni. Kompyuta za siku hizi zinazotambua sauti na picha nazo hufunzwa kwa mifano mingi.

Mwaka huohuo wa 1965 Sista Keller alianzisha idara ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, mjini Dubuque, Iowa, akaiongoza kwa miaka 20 hadi alipofariki Januari 1985. Akina mama wafanyakazi waliotaka kusoma aliwahimiza waje darasani na watoto wao wachanga. Hakuwaambia wasubiri hadi watoto wakue.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Mara nyingi kinachomzuia mama kusoma si umri wala uzito wa akili, bali ni mtoto wa kulea na chungu kilicho jikoni. Basi, ndugu yangu, mkeo akikuambia kwamba anataka kujiandikisha katika darasa la jioni, usianze kwa kuuliza nani atabaki na mtoto. Mpakate mtoto, umwache mwenzio aende.