Shemeji Aliyekataa Kufungua Simu

  

Mwezi huu nina barua ya dada mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Yeye na mumewe wote ni waajiriwa, wana miaka minne ya ndoa, na wanaishi na mdogo wa mume aliyemaliza kidato cha sita. Kaka mtu anataka kijana asome uhasibu. Kijana kagoma. Anataka usalama wa mtandao, basi. Usiku halali, yuko kwenye kompyuta, na bando likiisha anaomba jingine.

Dada alikuwa upande wa shemeji yake, mpaka siku alipogundua mume kabadilisha namba ya siri ya simu. Akamwita kijana jikoni: “Wewe si ndo mambo yako haya? Hebu nifungulie simu ya kaka yako.” Kijana akajibu, “Shemeji, hiyo hapana. Siyo kwamba sijui, ila si simu yangu, na wala si yako.”

Sasa dada anauliza: tumlipie ada ya nini, kama utaalamu wenyewe hausaidii hata nyumbani?

Dada yangu, lipa ada. Tena lipa kwa moyo mweupe, maana jibu alilokupa jikoni ndilo nusu ya kazi anayoitaka.

Hebu fikiria fundi wa vitasa. Anaweza kufungua mlango wako ukipoteza ufunguo, na ujuzi huohuo unaweza kumwingiza kwa jirani saa nane za usiku. Anayemwajiri ananunua mikono yake pamoja na uaminifu wake. Usalama wa mtandao uko hivyohivyo. Mlinzi na mwizi wanasoma mambo yaleyale, na kinachowatenganisha ni ruhusa ya mwenye mali.

Nikupe mfano wa kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai fedha ili kuzifungua. Hutchins, akiwa na miaka 22, alichungulia ndani ya kirusi hicho akakuta jina la tovuti ambalo halikuwa na mwenyewe. Akalisajili kwa dola kama 10 hivi, na kirusi kikaacha kusambaa. Dunia nzima ikampigia makofi.

Miezi mitatu baadaye, Agosti 2017, FBI wakamkamata Las Vegas. Kumbe alipokuwa kijana mdogo aliwahi kutengeneza programu ya kuiba taarifa za benki za watu. Alikiri kosa mwaka 2019. Hakimu alitazama mema aliyokuwa ameyafanya, akaona muda aliokwisha kukaa kizuizini unatosha, na akamweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Aliponea chupuchupu. Kichwa ni kilekile na mikono ni ileile, ila kwa kosa la ujana angeweza kupoteza kila kitu.

Na kwetu je? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema anayeingia kwa makusudi kwenye mfumo wa mtu bila haki anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Na simu ya mkononi ni kompyuta tosha. Kwa hiyo pale jikoni, dada, ulikuwa unamwomba kijana auweke rehani mustakabali wake kwa ajili ya wivu wako. Nisamehe, lakini lazima niseme.

Kwa kaka mwenye ada

Najua hofu yako: kozi gani hii, na itampa mkate? Angalia maisha yetu. Mshahara unapita kwenye simu, kodi unalipa kwa simu, na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tumewazoea kama daladala. Benki na kampuni za simu zinahitaji watu wa kulinda mifumo yao usiku na mchana. Wapo wanaolipwa kujaribu kuivunja mifumo hiyo, wakiwa na kibali cha maandishi. Wapo wanaotafuta ushahidi baada ya wizi. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, taasisi zinawajibika kisheria kwa namna zinavyotunza taarifa za wateja wao. Nayo hiyo ni kazi ya mtu.

Digrii zenyewe zinafundishwa hapahapa. Chuo Kikuu cha Dodoma wanayo, na hata Chuo cha Uhasibu Arusha wanayo. Kaka, umeona? Mwaweza kukutana njiani.

Kwa kijana mwenyewe

Anza na misingi: jinsi mitandao inavyounganishwa, mfumo wa Linux, na lugha moja ya programu kama Python. Cisco Networking Academy wana masomo ya mwanzo ya bure, bando tu. Jifunze pia kuandika ripoti, maana bosi asiyeelewa tatizo hatalitolea fedha.

Jihadhari na wanaouza kozi ya wiki tatu na kukuahidi kuwa mtaalamu. Cheti kikubwa kama CISSP, ukiacha nafuu ndogo ya mwaka mmoja kwa wenye digrii, kinadai uzoefu wa kazi wa miaka mitano hata ukifaulu mtihani. Wengi huanza kwa kuhudumia kompyuta za ofisini, na hakuna aibu. Mazoezi fanya kwenye mashine zako au kwenye maabara za mtandaoni zilizowekwa kwa kazi hiyo. Siyo kwenye Wi-Fi ya jirani, hata kwa utani.

Na wewe dada, namba ya siri iliyobadilishwa haihitaji mdukuzi. Inahitaji chai mezani, watoto wamelala, na swali moja la upole: “Mume wangu, kuna nini siku hizi?” Majibu yanaweza kuuma, lakini utayapata kwa mwenyewe. Simu ukiifungua kwa wizi utasoma ujumbe, halafu utabaki na kazi ya kueleza ulivyouona.

Ila kwanza nenda kamwombe radhi shemeji yako, kisha mkae wote watatu mzungumzie ada. Niandikie mlichoamua.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.