Mlima wa Cape Town utaungua tena, jiji lichague lini

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia karibu na mnara wa kumbukumbu ya Rhodes, kwenye miteremko ya Devil's Peak jijini Cape Town, ulishuka mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town na kushika paa la maktaba ya Jagger. Machapisho yapatayo 70,000 ya mkusanyo wa masomo ya Afrika yaliteketea, hasara ambayo si ya Afrika Kusini peke yake. Kinu cha upepo cha Mostert, kilichojengwa mwaka 1796, nacho kiliungua, na maelfu ya wanafunzi wakahamishwa mabwenini. Kwa siku kadhaa baadaye mjadala ulitawaliwa na swali moja: nani aliyeuwasha? Polisi na mahakama wana wajibu wa kulifuatilia swali hilo. Wapangaji wa jiji, hata hivyo, halitawafikisha mbali. Katika jiji la mamilioni ya watu lililouzunguka mlima mkavu, cheche haitakosekana: leo itatoka kwenye jiko la mtu asiye na makazi, kesho kwenye waya wa umeme, keshokutwa kwenye kipande cha sigara. Kinachoweza kupangwa ni kile ambacho cheche hiyo itakikuta.

Uoto wa asili wa mlima ule, unaoitwa fynbos, ni vichaka vya majani magumu vilivyozoea moto tangu zamani za kale. Baadhi ya mimea yake hufungua koni za mbegu baada tu ya kuungua, na mingine mbegu zake huamshwa na moshi wenyewe. Kwa kawaida uoto huo huhitaji kuungua kila baada ya miaka 10 hadi 20 hivi. Ukiungua mara kwa mara kuliko hapo, mimea hufa kabla haijazaa mbegu. Ukikaa mno bila kuungua, matawi makavu hurundikana, na siku moto unapokuja, katika joto la kiangazi na upepo mkali wa kusini-mashariki, huja na nguvu isiyokabilika kwa mpira wa maji. Kwa hiyo jiji linaloweka lengo la kuzima kila moto mlimani limejiwekea lengo linaloongeza hatari mwaka hadi mwaka. Mlima utaungua kwa vyovyote vile. Uamuzi uliobaki mikononi mwa watu ni kama utaungua siku waliyoichagua wao, vipande vipande na wazimamoto wakiwa pembeni, au siku ambayo upepo umeichagua.

Hilo lingetosha kuwa kazi ngumu kama mlima ungekuwa na fynbos tu. Lakini tangu enzi za ukoloni miteremko ya Rasi ya Cape ilipandwa misonobari, mikaratusi na miwati kutoka ng'ambo, ikasambaa yenyewe nje ya mashamba yake. Misitu hiyo hubeba kuni nyingi mara kadhaa kuliko vichaka vya asili, na moto wake huwa mkali na mrefu zaidi. Juni 2017, moto ulipoupiga mji wa Knysna, mashariki mwa Cape Town, watu saba walikufa na mamia ya nyumba yakateketea. Watafiti waliopima baadaye ukali wa moto huo waligundua kwamba mashamba ya misonobari na maeneo yaliyovamiwa na miti ya kigeni yaliungua vibaya kuliko fynbos isiyovamiwa. Ukame wa muda mrefu ulikuwa sababu kubwa, hakuna anayebisha, ila hakuna halmashauri inayoweza kuuamuru ukame. Miti inaweza kukatwa.

Na kweli ilianza kukatwa. Baada ya mioto mikubwa ya Januari 2000 katika Rasi ya Cape, ilianzishwa kampeni ya miaka minne iliyoitwa Ukuvuka ya kuondoa mimea vamizi kuzunguka jiji. Kabla yake, mwaka 1995, serikali ya taifa ilikuwa imeanza programu ya Working for Water, iliyowaajiri watu maskini kukata miti hiyo kwenye vyanzo vya maji, na mwaka 2003 ikafuata Working on Fire, iliyowafundisha maelfu ya vijana wasio na kazi kuwa wazimamoto wa nyika. Hizi ni sera ninazozistahi kuliko helikopta yoyote, maana zimeweka panga, msumeno na mshahara mikononi mwa watu walewale ambao kwa kawaida huwa wa kwanza kulaumiwa moto ukitokea. Udhaifu wake ni wa aina moja na unajulikana: kazi ikikatishwa katikati, hasara huwa kubwa kuliko kama isingeanzishwa. Mbegu za miwati hulala ardhini miongo kadhaa, na moto huziamsha. Ukikata leo, ukachoma, kisha usirudi mwakani na mwaka unaofuata kung'oa miche, utapata kichaka kinene kuliko ulichokikuta. Bajeti za serikali hupenda miradi yenye siku ya uzinduzi na siku ya kukabidhiwa, na kazi hii haina siku ya kukabidhiwa.

Kuna anayesema fedha hizo ni anasa katika jiji lenye mahitaji mengi. Hesabu ya maji inamjibu. Cape Town ilikaribia kufunga mabomba yake mwaka 2018, na katika mwaka huohuo mfuko ulioundwa kulinda vyanzo vyake vya maji ulikadiria kwamba mimea vamizi hunywa takriban lita bilioni 55 kila mwaka, kiasi kinachotosha mahitaji ya jiji kwa miezi miwili hivi. Mti uleule unaoukuza moto ndio unaokausha bwawa, na anayelipwa kuukata analifanyia jiji kazi mbili kwa ujira mmoja.

Pingamizi zito zaidi linahusu uchomaji wa mapema wenyewe. Moto uliowashwa kwa makusudi unaweza kutoroka. Moshi huwaumiza wenye pumu. Siku zinazofaa ni chache, kwa sababu lazima pawe pakavu kiasi cha kuungua na patulivu kiasi cha kudhibitika, na nyumba zimepanda mlimani mpaka mahali ambapo ofisa mwenye akili timamu husita kuwasha kiberiti. Kusita huko naweza kukuelewa. Moto wake ukitoroka, jina lake litakuwa gazetini; asipochoma kabisa, na kichaka kikalipuka miaka mitano baadaye, hatatajwa na mtu. Mfumo unaomwadhibu aliyetenda na kumsahau aliyeacha utazaa viongozi wa kuacha tu. Dawa yake ni utaratibu ulioandikwa: nani anaidhinisha, kwa vipimo gani vya upepo na unyevu, nani anawaarifu wakazi, na kinga gani ya kisheria anapewa aliyefuata masharti yote. Mahali ambapo nyumba zimekaribia mno, panga na msumeno vichukue nafasi ya kiberiti, hata kama gharama ni kubwa. Ama wale wanaoitetea misonobari kwa ajili ya kivuli cha matembezi, wana hoja ya haki, na mgogoro wa kukata misonobari ya msitu wa Tokai, jijini Cape Town, ulifika hadi mahakamani. Kivuli kinaweza kupatikana kwa miti isiyoshika moto upesi, iliyopandwa mbali na mapaa ya watu. Hiyo ni kazi ya mazungumzo na uvumilivu, na jiji lililoruka hatua ya kuwasikiliza wakazi limejitafutia kesi.

Sehemu ya mwisho ya maandalizi iko kwenye nyumba yenyewe, na hapa ndipo wakazi wengi huamini jambo lisilo kweli. Watu hudhani nyumba huunguzwa na ukuta wa moto unaotoka msituni. Mara nyingi huunguzwa na cheche zinazoruka mbele ya moto na kutua kwenye majani makavu yaliyojaa gata la paa, kwenye tundu la hewa lisilo na wavu, au kwenye kuni zilizorundikwa ukutani. Mji wa Paradise huko California ulipoteketea Novemba 2018, watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia, na huko tofauti ya ujenzi ilionekana waziwazi. Katika nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1997, iliyosalimika ni kama moja katika kila tisa. Katika zile zilizojengwa tangu mwaka huo, zilisalimika takriban mbili katika kila tano. Ujenzi mpya haukuwa mwujiza, maana nyumba nyingi bado ziliungua, lakini hakuna ndege ya kumwaga maji iliyoweza kudai matokeo kama hayo siku ile. Hata katika maktaba ya Jagger, milango ya kuzuia moto ilijifunga mitambo ya tahadhari ilipohisi moto, ikauzuia usienee sehemu nyingine za jengo. Mtu fulani aliidhinisha malipo ya milango ile miaka mingi kabla, bila shaka huku wengine wakiuliza kama inahitajika.

Simaanishi kwamba helikopta na magari ya zimamoto ni upuuzi. Vinaokoa maisha, na jiji lisilokuwa navyo limewatelekeza watu wake. Lakini upepo ukizidi, helikopta haziruki, na siku za upepo mkali ndizo siku ambazo miji huungua.

Lipo pia suala la haki. Machi 2017, moto uliteketeza vibanda zaidi ya 2,000 katika mtaa wa Imizamo Yethu, Hout Bay. Ule haukuwa moto wa nyika, ulikuwa wa mabati na mbao zilizobanana, na uliwaumiza watu wengi kuliko moto wa mlimani uliotangazwa duniani kote. Mpango wa jiji unaosafisha miteremko juu ya mitaa ya matajiri huku vibanda vikikosa bomba la maji na njia ya kupita gari la zimamoto haujawa mpango wa jiji.

Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 kuhusu moto wa nyika na misitu ina kifungu ninachotamani kukiona kwingine. Inamtaka mwenye ardhi ambayo moto unaweza kuanzia au kupitia aandae mpakani barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa ili kuuzuia moto, na inaruhusu majirani kuunda vyama vya kujikinga na moto. Moto ukitoka kwake na kumdhuru jirani, na yeye si mwanachama wa chama kama hicho, mahakama katika kesi ya madai huanza kwa kudhani alizembea, na ni juu yake kuthibitisha kwamba hakuzembea. Mzigo umehamishiwa kwa mwenye kichaka.

Kwetu Tanzania hali inatofautiana, na kunakili kungekuwa kosa. Msitu mbichi wa Kilimanjaro haukuumbwa uungue kama fynbos, na moto wa Oktoba 2020 ulioteketeza takriban kilomita za mraba 95 mlimani haukuwa na faida yoyote ya kusubiriwa. Huko kazi ni kuuweka moto mbali kabisa. Mafinga iko karibu zaidi na mfano wa Rasi: mji unaokua kando ya shamba la miti la Sao Hill, lenye misonobari na mikaratusi ileile. Madiwani wa huko wanapojadili bajeti, wananchi wana haki ya kuuliza, kabla ya idadi ya magari ya zimamoto, barabara za moto zilizofyekwa kabla ya kiangazi kukolea ni kilomita ngapi, mashamba ya watu binafsi yaliyogusana na makazi yamekaguliwa na nani, na mwenye shamba ambaye hakufyeka atafanywa nini.