Wati 100 za nini jamani?

Sie wanachuo wa Njombe tunachangishana kununua amplifaya ya gitaa ya valvu, zile taa za glasi zinazowaka ndani, tupige likizo hii Njombe na Makambako. Wenzangu wamekomalia wati 100. Mie nakataa! Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio lisikie mara mbili, zinatakiwa wati mara 10 hivi. Halafu valvu hunoga ikisukumwa. Wati 100 kwenye kaukumbi kadogo utapiga chinichini, utamu wote kwishnei. Wati 15 zinatosha. Ukumbi ukiwa mkubwa, wekeni maiki mbele ya spika. Chenji itulipie nauli ya Makambako. Au mnasemaje?